Mashine Iliyouliza Habari za Nyumbani

Kwa miaka kadhaa sasa riziki yangu imekuwa kuwauliza watu maswali ambayo hakuna anayewalazimisha kuyajibu. Kazi yenyewe inaitwa kuratibu jopo. Jopo ni kundi la watu waliokubali, kwa hiari yao na bila malipo, kutumiwa maswali kwenye simu kila mwezi: maji yanatoka, zahanati ina dawa, ushuru wa soko umepanda, umeme unakatika sana au kidogo. Wanagusa kiungo, ukurasa unafunguka, wanajibu, wanatuma. Sisi tunajumlisha na kuchora michoro, halafu watu wenye suti wanaitazama michoro hiyo hotelini baada ya chai ya saa nne. Mwanajopo anapewa bando la kumwezesha kuingia mtandaoni, na likibaki kidogo anaangalia vichekesho. Zaidi ya hapo hapati kitu.

Ofisi yetu iko Jinja, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Jopo lina lugha kadhaa na kila lugha ina mtu wake. Mimi nilipewa Kiswahili kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Nilizaliwa katika nyumba za askari magereza, Mbale. Baba alitoka kaskazini, mama alikuwa wa huku mashariki, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walikutana katika Kiswahili, wakagombana katika Kiswahili na wakatulea humo humo. Nje ya lango la kambi lugha hiyo ilikuwa na jina baya. Watu wa makamo wakiisikia wanakumbuka enzi za utawala wa wanajeshi, vizuizi vya barabarani na vijana wenye bunduki. Hadi leo nikiisema benki, mlinzi ananiita afande na walio kwenye foleni wanaangalia viatu vyao. Nimezoea, na mara nyingine inanisaidia kufika dirishani mapema.

Wanajopo wangu niliwaandikisha mwenyewe, mmoja mmoja, nikizunguka na kishikwambi na mwavuli. Walikuwa wa aina mbili hasa. Kulikuwa na wafanyabiashara Waislamu wa Jinja na Mbale, wenye maduka ya vitambaa, ya vyombo, ya nafaka. Halafu kulikuwa na watu wa kambini: wanajeshi, polisi, askari magereza, na zaidi ya wote wake zao. Nusu ya wanawake hao walikuwa wametoka mbali kuja kuolewa na sare, na lugha ya mji walioletwa hawakuwahi kuikamata. Kiswahili ndicho walichoweza kukisoma.

Mmoja wao aliishi Nakaloke, kaskazini ya Mbale, katika vyumba viwili vya kupanga. Mume wake alikuwa askari magereza mstaafu. Siku niliyomwandikisha, mzee alikuwa amekaa pembeni na redio yake, akidhani nimekuja kwake, na akaanza kunijibu kabla sijauliza kitu. Mkewe akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akaniambia, "Serikali inauliza mzee. Hospitali inauliza mzee. Mimi hapana, hata siku moja. Uliza." Alinipa karanga za kuchemsha nikala njiani kurudi. Tangu siku hiyo kila mwezi majibu yake yalikuwa ya kwanza kufika.

Si yeye tu. Kundi langu lilikuwa linajibu kuliko makundi yote, na wenzangu walinikasirikia kimya kimya. Sababu haikuwa fumbo. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi: maswali ya mwezi yako tayari, jaza kabla ya Ijumaa. Kambini ujumbe wa Kiswahili wenye kitenzi na siku ni amri, na amri inatekelezwa. Wengine wakimaliza walikuwa wakiniandikia, "Nimemaliza, afande." Wafanyabiashara nao walijibu kwa sababu hawapendi kazi iliyolala.

Basi likaja tatizo la makundi mengine. Watu walikuwa wanachoka, wanaacha, na simu zao zinapigwa bila kupokelewa. Ofisi ikamleta mshauri kutoka Kampala, kijana msafi, mwenye adabu, ambaye kompyuta yake ilikuwa na picha za watu wanaocheka. Alitueleza kwamba mwanajopo wa kujitolea ni kama mgeni kwenye sherehe, asipochangamkiwa anaondoka. Nilikuwa na njaa siku hiyo na sikumpenda.

Wazo lake la kwanza lilikuwa bahati nasibu. Kila mwezi atakayejibu aingie kwenye droo ya muda wa maongezi. Siku mbili tu, wafanyabiashara wangu wakaanza kujitoa. Mmoja alinipigia akaniuliza tangu lini nimeanza kuwachezesha Waislamu kamari. Droo ikafutwa. Likafuata wazo la nyota: anayejibu mfululizo apate nyota ya dhahabu kwenye ukurasa wake. Raia waliipenda. Lakini mjeshi mmoja mstaafu wa Buwenge aliuliza kwa maandishi nyota hiyo imepitishwa na nani, na kama inakuja na nyongeza ya pensheni. Nyota nazo zikaondolewa taratibu.

Wazo la tatu lilikuwa salamu. Mshauri alikuwa amegundua kwamba watu wa huku wanapenda kusalimiana, na hapo hakukosea. Alisema ujumbe wetu unaingia ndani kwa mtu bila hodi. Kwa hiyo kila asubuhi ya raundi, yaani zile siku chache za mwezi ambazo maswali yako wazi, mashine inayotuma ujumbe wetu ingetuma salamu kwanza, peke yake, na mchana ndipo kiungo kifuate. Jaribio lingeanzia kwenye kundi linalojibu vizuri zaidi, ili tofauti ionekane. Kundi hilo lilikuwa langu. Mimi nilitafsiri: "Habari za asubuhi. Habari za nyumbani?" Maneno yalikuwa yangu na mashine ilikuwa ya wengine.

Na mtu akijibu chochote, mashine ilifundishwa kumshukuru papo hapo: "Asante kwa jibu lako! Mchango wako ni muhimu." Mwishoni paliwekwa ua la manjano. Mshauri alilipenda sana lile ua.

Raundi ya kwanza ya salamu, majibu yalipungua. Tukasema ni msimu wa kupalilia. Raundi ya pili yalianguka kabisa. Watu walewale ambao kwa mwaka mzima walijibu kabla chai haijapoa, sasa walikuwa wamekaa kimya kama waliogombana nami. Nilituma vikumbusho, vikapotea. Mshauri alisema pengine salamu haitoshi, tuongeze joto, na mashine ikaanza kutuma mbili.

Mkuu wa ofisi yetu si mtu mbaya, ila anapenda mambo yamalizike. Alituita, akaonyesha mstari unaoshuka, na akasema kwamba raundi inayofuata kama nusu ya watu wangu hawatarudi, Kiswahili kitaondolewa joponi. Wanaojua Luganda au Kiingereza watahamishwa. "Na wasiojua?" niliuliza. Akasema hao tutawashukuru kwa mchango wao.

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu hakuna aliyeona cha kukasirikia. Niliwaza juu ya wale wanawake. Ukiwatoa kwenye Kiswahili, hakuna mlango mwingine wa kuwapitia. Watarudi walikokuwa, mahali ambapo mzee ndiye anayeulizwa. Kulikuwa pia na suala la kazi yangu, sitajidai halikuwepo. Lakini kazi ningepata nyingine. Hata duka la vipuri chini lilikuwa linatafuta mtu wa mauzo.

Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa Hajji mmoja anayeuza vitambaa barabara kuu ya Jinja, mtu ambaye kabla ya salamu hakuwahi kukosa raundi. Nilimsalimu, akaitikia kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa huku akiongea.

"Leo umekumbuka kuwa mimi niko," alisema.

"Hajji, mbona umeacha kujibu?"

"Nani ameacha? Nyinyi ndiyo mumenyamaza. Umeniuliza habari ya nyumbani. Nimesema mzuri, na wewe, habari ya huko? Mpaka leo mimi nasubili."

"Na kile kiungo kinachokuja mchana?"

"Nyabo," alisema, na hilo ndilo neno la heshima wanalomwita mwanamke huku Jinja, na alilitumia kwa upole wa mtu anayejizuia. "Mutu anakuja hapa dukani. Anasema habari. Mimi naitika, nauliza yake. Yeye kimya! Halafu anatoa karatasi anasema weka sahihi. Wewe ungeweka?"

Nikasema nisingeweka.

"Basi," akasema, na nikasikia mkasi ukikata.

Nilimpigia wa pili, mke wa polisi anayeuza samaki Wanyange. Huyo hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi. Aliniambia alidhani amenikosea kitu, maana ameniuliza hali yangu asubuhi baada ya asubuhi, na kila mara namwambia asante tu, kama mtu anayefunga mlango. Alikuwa amemuuliza hata mumewe kama asante ya namna hiyo ni tusi. Mumewe alimwambia asubiri, labda nina msiba.

Kufikia wa tano au wa sita nilikuwa nimeacha kuuliza na kubaki kuomba radhi. Jambo lilikuwa wazi kiasi cha kuchekesha, na kwa kweli nilicheka, peke yangu, na simu mkononi. Zamani nilikuwa natoa amri, na amri haihitaji uhusiano. Tulipowasalimu, tuligeuka kuwa wageni. Wakafanya kile anachofanyiwa mgeni: wakaitika, wakauliza yetu, wakasubiri tumalize ndipo tuingie kwenye shughuli iliyotuleta. Hatukumaliza. Na hakuna mtu wa kambini wala wa sokoni anayeingia kwenye shughuli na mtu aliyekatisha salamu katikati. Hawakuwa wamechoka na jopo hata kidogo. Walikuwa wakitungoja.

Nilimwomba mshauri anifungulie mahali majibu ya salamu yalikokuwa yanaangukia. Ilimbidi atafute nywila, maana hapakuwahi kufunguliwa. Hakukuwa na ajabu yoyote mle. Watu walikuwa wameandika kwamba wameamka salama, kwamba mtoto amefaulu, kwamba mvua imebomoa choo, na karibu kila mmoja alimaliza kwa kuniuliza mimi nimeamkaje. Chini ya kila mmoja lilikuwepo lile ua.

Nilimtafuta humo mama wa Nakaloke. Alikuwa ameandika, "Ya nyumbani si mzuri. Mzee amelazwa." Mashine ikamwambia asante, mchango wako ni muhimu. Kesho yake akaandika kwamba mzee bado. Ikamwambia asante. Halafu aliandika, "Mzee amekufa jana. Tunapeleka yeye kwao kuzika." Asante kwa jibu lako. Ua.

Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilishuka ngazi, nikanunua soda, nikasimama nayo mbele ya duka la vipuri mpaka ikapata joto. Niliona aibu. Siyo ile aibu ya kikazi, ya kukosea hesabu mbele ya mkuu. Ilikuwa aibu ya nyumbani, ya mtoto aliyempita mkubwa njiani bila kumwamkia na wote wakamwona.

Nilipopanda, mshauri alikuwa naye amesoma. Aliifunga kompyuta yake, na hapo kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo. Kisha akasema mashine inaweza kufundishwa kutambua maneno kama kufa na kuzika, ikatuma ujumbe tofauti. Nilimjibu kwa Kiswahili cha kambini, ambacho bahati nzuri hakukielewa.

Mkuu alitaka salamu zifutwe siku hiyo hiyo na turudi kwenye ujumbe wa zamani. Nilikataa. Nilimwambia mtu aliyeanza salamu akaacha bila kumaliza ni afadhali asingeanza, na kwamba kabla ya kutuma kiungo kingine chochote ni lazima tumalize hizi tulizozianza. Alinitazama kana kwamba naomba likizo. Kwa kuwa raundi ilikuwa bado mbele kidogo, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kinafutwa hata hivyo, aliniachia.

Basi nikakaa mezani na kuitika salamu. Mmoja mmoja, kwa mkono. "Kwangu salama, Hajji, samahani kwa kukawia. Biashara inaendaje?" "Hongera kwa mtoto, mama. Ameenda shule gani?" "Choo kimejengwa?" Watu wakajibu, nami nikajibu, na wengine hawakuniachia haraka. Mjeshi mstaafu wa Buwenge alinipitisha kwenye afya yake, kiungo kwa kiungo. Mama mmoja Mkenya mwenye mgahawa Mbale aliniuliza siku hizi nimekula nini hadi nimekuwa mtu wa maana, wa kurudisha salamu. Mshauri alipita nyuma ya kiti changu akasema njia hii haiwezi kukua. Nikamwambia sijaiomba ikue.

Kiungo kilipotumwa, walijibu. Hajji alijibu wa kwanza, na kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba sasa tunaongea. Nitasema hapa hapa yaliyotokea, nisije nikaonekana naficha: nusu ilifika, ikapita, na Kiswahili kilibaki joponi. Mkuu alileta keki. Lakini hadi Jumatano ya wiki ile mama wa Nakaloke hakuwa miongoni mwao.

Jopo lina kanuni kwamba anayekosa raundi tatu mfululizo anafutwa, na akifutwa haandikishwi tena. Yeye alikuwa amekosa mbili, na ya tatu ilikuwa inafungwa Ijumaa. Nilimpigia mara kadhaa, simu ikaita bila kupokelewa. Kumwandikia sikuweza. Ningemwandikia pole kutoka namba ileile iliyompa ua? Alhamisi niliomba ruhusa, nikanunua sukari na majani ya chai, nikapanda gari la Mbale asubuhi.

Nakaloke ilikuwa na soko siku hiyo na bodaboda alinishusha mbali kidogo kwa sababu ya mbuzi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni akibangua karanga. Alikuwa amekonda. Hakushtuka kuniona, alisogea akanipa nafasi mkekani, na akaanza.

Aliniuliza habari za safari. Aliniuliza habari za Jinja, za ofisi, za kazi, za watu wa huko. Aliniuliza kama kwetu wazima, kama watoto wanasoma, kama mvua imefika. Aliuliza polepole, bila kuniangalia sana, akibangua, na nikaitika kila moja na kurudisha kila moja, mpaka nikafika palipobaki neno moja tu la kumuuliza. Lilikuwa lile lile la mashine, habari za nyumbani. Nilishindwa kulitamka.

"Pole sana, mama," nilisema. "Nimechelewa."

Akatupa ganda pembeni.

"Ni wewe ulikuwa nasalimu mimi asubuhi?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi na lingenisafisha. Ni mashine, mama, mimi sikuwepo. Lakini nikiangalia ile mikono nikaona lingefanya nini. Yeye alikuwa amemweleza mtu habari za mzee wake: kwamba amelazwa, kwamba bado, kwamba amekufa. Mtu huyo alikuwa mbaya, hana adabu, lakini alikuwa mtu. Nikimwondoa huyo, atabaki amekiambia chuma.

"Ni mimi," nilisema.

"Mutu amekufa, wewe nasema asante."

"Ndiyo, mama."

"Na maua."

"Na ua, ndiyo."

Alibangua karanga nyingine, akaila, jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi nilisema, huyu mutoto alikula kwangu. Amepata wazimu ama nini?" Kisha, bila kubadilisha sauti, "Nani alifunza wewe Kiswahili?"

"Mama yangu. Baba alikuwa askari magereza, hapa hapa Mbale. Mama alinifunza nyumbani, kambini."

"Yeye iko?"

"Hapana, mama. Alifariki."

Aliweka ungo chini. Alifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja kisha wa pili, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Pole," alisema. Akaniuliza mama aliugua nini. Aliugua muda mrefu? Tulimzika wapi, na mvua ilinyesha? Nani alibaki na wadogo? Mama alikuwa anapenda chakula gani? Ilikuwa imepita miaka mingi, na katika miaka hiyo yote watu walinipa pole nyingi, lakini za kupita, za mlangoni. Huyu alikaa nayo. Nililia, na kwa kuwa sikuwa nimejiandaa kulia sikuwa na kitambaa, akanipa ncha ya kanga yake.

Nilipotulia nikamuuliza yake. Nilimuuliza kwa utaratibu huohuo aliotumia yeye, na akanieleza. Mzee aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akibishana na nesi. Walimpeleka kwao kaskazini kwa gari la mizigo la mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi. Huko kwao alikuta ndugu za mume ambao hakuwajua vizuri, wakiongea lugha ambayo hadi leo anaisikia nusu, na katika matanga yote hakukuwa na mtu wa kuongea naye ila yule dereva. Alikaa siku za desturi akarudi. Redio ameiweka ndani, haiwashi, lakini betri ameziacha humo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa soko nikasema niondoke. Sikuwa nimetaja jopo na sikuwa na nia ya kulitaja. Nilikwishaamua njiani kwamba akifutwa, afutwe, si jambo la kumsumbua nalo mtu wa msiba.

"Na maswali?" alisema.

"Yaache, mama. Si lazima."

"Kwa nini si lazima? Wewe umechoka na mimi?"

"Hapana."

"Basi leta. Mwingine nani anauliza mimi?"

Aliingia ndani akatoka na simu na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitafuta kiungo mwenyewe kwa kidole cha shahada, taratibu, na ukurasa ukafunguka. Mimi nilirudi nyuma kidogo mkekani, kama inavyotakiwa. Kanuni yetu nyingine, na hii ndiyo ninayoifundisha kwa ukali kuliko zote, ni kwamba anayeuliza haigusi simu ya anayejibu. Hata asiyeona vizuri anasomewa tu. Jibu ni la mwenyewe.

Raundi ile ilikuwa ya mwaka mpya wa jopo, na mwaka mpya tunaanza kwa kuhakiki taarifa za zamani, ili watu wasirudie kuandika yaleyale. Tuliona ni kumrahisishia mwanajopo. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, namna anavyosoma mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa.

"Mwaka jana ulisema katika nyumba hii wanaishi watu wawili. Bado ni hivyo?"

Chini yake palikuwa na ndiyo na hapana. Alikaa akiangalia. Kuku alikuja akadonoa ganda la karanga, akaondoka. Akagusa hapana, na ukurasa ukafungua kisanduku kitupu, ukamwomba aandike idadi mpya.

Alivua miwani. Akaninyooshea simu.

"Andika wewe," alisema.

Niliipokea. Nikaandika moja, nikamrudishia atume mwenyewe.